Uchunguzi wa usikivu kwa watoto: ni nini, na kwa nini ufanyike kliniki ya mtaani

Mtoto asiyesikia hulia, hunyonya na hutabasamu kama wenzake. Hata kubwabwaja hubwabwaja miezi ya mwanzo. Ukipiga makofi nyuma yake anaweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli au amehisi upepo, nawe ukaamini anasikia. Ndiyo maana mara nyingi shida hujulikana akiwa na miaka miwili au mitatu, watu wakianza kuuliza mbona haongei.

Uchunguzi wa usikivu ni kipimo cha haraka anachofanyiwa mtoto asiye na dalili yoyote. Kazi yake ni ya chekecheo: kuwatenga wachache wanaohitaji kupimwa kwa kina. Asiyepita hajaambiwa kwamba ni kiziwi.

Mashine inayotumika sana kwa wachanga ina kizibo laini kinachowekwa mlangoni mwa sikio, mtoto akiwa ameshiba na amelala. Kizibo hutoa milio midogo midogo. Sikio la ndani likiwa zima hujibu kwa mwangwi hafifu, na maikrofoni iliyo ndani ya kizibo huunasa. David Kemp ndiye aliyeugundua mwangwi huo, London, mwaka 1978. Hakuna sindano wala maumivu, na ni dakika chache tu. Asiyepita hurudiwa kwanza, kwa sababu siku za mwanzo sikio huwa na majimaji ya uzazi.

Mwangwi huo huharibiwa na kelele. Ukumbi wa kliniki siku ya chanjo, watoto wakilia na matatu zikipiga honi nje, haufai kabisa. Kinachotakiwa ni chumba kimoja chenye mlango unaofungika, hata kiwe stoo iliyosafishwa.

Kuna kipimo cha pili, cha vibandiko kichwani, kinachosoma jinsi mshipa wa fahamu unavyoitikia sauti. Watoto njiti na waliougua sana baada ya kuzaliwa wanakihitaji hiki, maana umanjano mkali unaweza kuumiza mshipa huku mwangwi ukibaki mzuri. Kumwambia mama wa mtoto kama huyo kwamba mambo ni sawa kwa kipimo cha mwangwi pekee ni kumpa matumaini yasiyo na msingi.

Wataalamu hufuata kanuni ya 1-3-6: mtoto achunguzwe kabla ya mwezi 1, ajulikane hakika hali yake kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Msaada ni kifaa cha kusikia, au Lugha ya Ishara ya Kenya, inayotambuliwa na Katiba ya 2010, au vyote viwili. La muhimu ni mtoto apate lugha mapema.

Sasa fikiria mama wa Dandora, mtaa wa Nairobi. Kufika Kenyatta, hospitali kuu ya taifa, ni matatu hadi mjini, nyingine hadi hospitali, na kibarua cha siku kimepotea. Nani atafanya hivyo kwa mtoto anayeonekana mzima? Lakini mama huyo huyo yuko kliniki ya mtaani wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ajili ya chanjo. Aliyekosa kupimwa wodini alipozaliwa apimwe hapo, na nesi aliyefundishwa, matokeo yaandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Mtaalamu wa Kenyatta abaki na wale ambao hawakupita. Hao wasiondoke bila tarehe ya kurudi, na mhudumu wa afya ya jamii anayeijua nyumba yao apewe jina la kufuatilia. Mashine isiyo na ufuatiliaji huo ni hasara, kwa sababu wanaopotea njiani ni wale wale waliotafutwa.

Kupita uchangani hakumalizi jambo. Homa ya uti wa mgongo, surua, sikio linalotoa usaha na dawa kama jentamisini huweza kuharibu usikivu baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unatokana na mambo yanayozuilika. Kwa hiyo chekechea nako wapimwe: mtoto anavaa vipokea sauti, na kila akisikia mlio anatupa kitufe ndani ya beseni. Na mzazi akisema tu, "Naona huyu hanisikii," apimwe tena, hata kama kijitabu kinaonyesha alipita.