Bunduki ya marisau nayo hulengwa

Anayeishi shambani, mbali na majirani, mara nyingi hushauriwa anunue bunduki ya marisau, ile inayorusha punje nyingi kwa mpigo mmoja, ajilinde nyumbani: ni ya bei nafuu, haikwamikwami, na eti haihitaji shabaha. "Elekeza tu, marisau yatatapakaa chumba kizima." Hayo mawili ya mwanzo yana ukweli. La tatu ni hatari, na linanisikitisha kila ninapolisikia.

Marisau hayatawanyiki papo hapo yanapotoka mtutuni. Hutoka yameshikamana, kisha huachana kidogo kidogo kadiri yanavyokwenda. Tundika kadibodi kwenye uwanja wa shabaha, simama umbali wa hatua tano, yaani urefu wa chumba cha kawaida, kisha fyatua. Mara nyingi utakuta tundu moja lenye kingo zilizochanika, dogo kuliko kiganja chako. Ukikosea kwa upana wa bega, yote yamepita kando.

Na yakipita hayaishii hapo. Risasi moja ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye marisau makubwa hubeba punje 8 au 9, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8 hivi, na punje hizo hutoboa ukuta mwembamba wa mbao au jasi. Nyuma ya ukuta huo huenda mtoto amelala.

Fedha uliyookoa kwenye bei, iweke kwenye mafunzo na kabati la kufungia silaha. Jizoeze kukandamiza kitako begani barabara, na kumtambua aliye mbele yako kabla kidole hakijagusa triga.