Sheria, kanuni, sheria ndogo: lipi ni lipi?

Rambo, yaani mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, muuza mchicha wa Buguruni alikuwa na jibu moja kwa mteja aliyeulizia mfuko: "Sheria hiyo, mama." Kwa lugha ya mtaani alikuwa sawa kabisa. Ila kwa lugha ya Bunge na mahakama, kilichoziondoa rambo sokoni ni kanuni. Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, ikampa waziri madaraka ya kutunga kanuni. Miaka kumi na mitano baadaye waziri akayatumia, marufuku ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Muswada wa rambo haukuwahi kuwepo.

Kwa hiyo neno "sheria" lina maana mbili. Kwa upana wake linabeba kila amri yenye nguvu ya dola, kuanzia Katiba hadi faini ya kutupa taka. Kwa maana finyu, sheria ni kile tu kilichopitishwa na Bunge na kutiwa saini na Rais. Kabla ya saini hiyo, kinaitwa muswada, hata kama kimeshasomwa mara zote na wabunge wote wamesema "ndiyo". Ibara ya 97 ya Katiba ya mwaka 1977 iko wazi hapo. Kichwa cha habari kisemacho "Bunge lapitisha sheria" kimewahi mno: Bunge hupitisha muswada.

Kanuni nazo huzaliwa na sheria, na ile iliyozizaa huitwa sheria mama. Usichanganyikiwe ukisikia Katiba nayo inaitwa sheria mama. Matumizi yote mawili yapo, muktadha ndio unaoamua.

Sheria ndogo ndiyo inayomgusa mkazi wa Dar es Salaam kila siku, tena mfukoni. Hutungwa na halmashauri kupitia madiwani wake, kwa madaraka yanayotokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Ndiyo maana ada za Temeke si lazima zifanane na za Kinondoni. Huo "udogo" ni wa mamlaka iliyoitunga. Aliyewahi kukamatwa na mgambo Kariakoo anajua kwamba faini yake si ndogo hata kidogo.

Halafu kuna agizo, tamko, waraka na mwongozo. Haya huchanganywa na sheria kuliko yote, hasa kiongozi akiyatoa mkutanoni kwa sauti kali. Tamko peke yake si sheria. Lazima liwe na kifungu cha kuegemea, na mwananchi ana haki ya kuuliza ni kifungu kipi.

Mtego mmoja: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni sheria kamili licha ya jina lake. Hapo "kanuni" ina maana ya mkusanyo wa makosa na adhabu zake, haihusiani na kanuni za waziri.

Vitenzi pia vina wenyewe. Sheria hutungwa, hurekebishwa na hufutwa, na kazi hizo tatu ni za Bunge. Mahakama huweza kutamka kwamba kifungu fulani ni batili kwa kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Mkataba wa kimataifa Bunge huuridhia. Sisi wengine tuna kutii, kukiuka na kuvunja.

Jina la zamani la Bunge lenyewe lilitaja kazi yake waziwazi. Kabla ya kuitwa Bunge lilikuwa Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa mwaka 1926 wakati wa utawala wa Waingereza hapa Tanganyika. Kutoka huko tumebaki na "watunga sheria", neno ambalo wengi hulichanganya na "wanasheria". Mwanasheria ameisomea sheria. Mtunga sheria ni mbunge, na si lazima awe amesoma hata ukurasa mmoja wa sheria chuoni: Katiba inamtaka ajue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.