"Si walijitakia": jirani aliyeshindwa mogeji na hasira zilizomshukia

Nafanya kazi ya ushauri wa mikopo ya nyumba huku Maryland, na nilikuwemo kwenye kazi hii kipindi kile bei za nyumba Marekani zimeporomoka na watu wanapoteza nyumba kila kona. Hadi leo tukikaa mahali, hata na Wabongo wenzangu, ikitajwa 2008 hakosekani mmoja wa kusema "si walijitakia, nani aliwatuma wakope nyumba wasizoziweza, dawa ya deni kulipa." Sawa, dawa ya deni kulipa, sibishi. Ila hii ya walijitakia ina historia yake, na kwa maoni yangu ndo iliyoua msaada wenyewe kabla haujafika kwa watu.

Tuanzie Februari 2009. Tarehe 18 Rais Obama yuko Mesa, Arizona, anatangaza mpango wa dola bilioni 75 wa kuwapunguzia wenye nyumba marejesho ya kila mwezi. Kesho yake tu mtangazaji wa CNBC, televisheni ya habari za biashara, Rick Santelli, yuko mubashara kwenye ukumbi wa soko la fedha Chicago, kazungukwa na madalali, akageuka akawauliza ni nani kati yao anataka kumlipia mogeji (mkopo wa nyumba) jirani yake mwenye bafu la ziada na bili hawezi kulipa. Wakazomea. Ile klipu ilizunguka nchi nzima, na wengi wanaihesabu kuwa ndo cheche iliyowasha Tea Party, lile vuguvugu la wanaopinga matumizi makubwa ya serikali.

Sasa rudi nyuma miezi michache. Oktoba 2008 Bunge lilishapitisha dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Watu walikasirika hatari, wawakilishi wakaukataa muswada mara ya kwanza tarehe 29 Septemba, siku chache mbele wakaupitisha. Machi 2009 ikasikika AIG, kampuni kubwa ya bima, waliookolewa na hela ya serikali, wanalipana bonasi za dola milioni 165, nchi ikawaka tena. Kwa hiyo tusiseme watu waliwapenda mabenki. Ila angalia kilichotokea: hasira ya benki haikuzuia hela isiende, hasira ya jirani ilizuia. Benki iko mbali bana, huijui hata sura, ila jirani unamwona kila siku, gari lake unalijua, unajua 2005 aliweka jiko jipya kwa hela aliyokopa kwa dhamana ya nyumba, na wewe unalipa hujachelewa hata mwezi mmoja na nyumba yako imeshuka bei vilevile, halafu eti yeye ndo apunguziwe? Kibinadamu hiyo naielewa kabisa. Nimekaa na watu wa hivyo, mtu anapiga kazi mbili ili tu asichelewe.

Tatizo yule jirani wa kwenye TV sio aliyekuwa anakuja kukaa mbele yangu ofisini. Waliokuja walikuja na mfuko wa supamaketi umejaa bahasha ambazo hazijafunguliwa. Unazimwaga mezani unaanza kuzipanga kwa tarehe, za mwanzo lugha ya upole, za katikati zina maandishi mekundu juu, ya mwisho imetoka kwa wakili na ndani kuna siku ya mnada, na mnada wenyewe pengine wiki ijayo. Ukiuliza mbona hukufungua, kimya. Kuna kaka mmoja mwenzetu, jambo la kwanza aliloniambia halikuwa kuhusu deni, ni "dada nakuomba hii isifike kwenye kikundi, nyumbani nilishawatumia picha za hii nyumba." Ile aibu ilikuwa na gharama ya hela kabisa, maana aliyewahi mwezi wa pili tangu ashindwe kulipa alikuwa na njia kadhaa, wa mwezi wa nane tunabaki kuomba mnada usogezwe.

Na wameshindwaje? Wengi kazi iliisha, Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10. Wengine walipewa ile mikopo ambayo miaka miwili ya kwanza riba iko chini halafu inapanda, na dalali aliyemuuzia alishalipwa chake, tena enzi hizo alikuwa analipwa zaidi akimpa mteja mkopo ghali kuliko anaostahili. Mwaka 2011 Countrywide, waliokuwa watoa mogeji wakubwa, walikubali kutoa dola milioni 335 kumaliza tuhuma za serikali kwamba waliwatoza weusi na Walatino riba na ada kubwa kuliko wazungu wenye sifa zilezile. Hapa kwetu kaunti ya Prince George's, watu weusi wenye kazi nzuri na elimu zao, ndo ilikuwa kati ya zilizoumia zaidi Maryland nzima. Wajanja walikuwepo, nisidanganye, kule Las Vegas na Phoenix mtu ananunua nyumba nne tano kusubiri zipande auze, lakini hao hawaji kwa mshauri na mfuko wa bahasha, wao walishapiga hesabu wakaondoka zao.

Sasa serikali kwa kuogopa kuonekana inamsaidia asiyestahili ikatengeneza mpango ambao hata anayestahili hapenyi. Huo mpango, HAMP, uliotokana na lile tangazo la Obama kule Mesa, ulitaka rejesho lishuke hadi asilimia 31 ya kipato, wazo zuri tu, ila kufika huko ni slipu za mshahara, fomu za kodi, stetimenti za benki, barua ya kueleza shida zako (nimesaidia kuandika hizo barua nyingi sana, mtu mzima anaandika kama anaomba msamaha shuleni), halafu miezi mitatu ya majaribio. Wanaopitia ni kampuni zinazokusanya marejesho, ambazo hazikuwa na watu wala mifumo ya kazi hiyo. Tunatuma faksi, wanasema haijafika, tunatuma tena, wanasema slipu zimepitwa na wakati leta mpya, na huku idara nyingine ya kampuni hiyohiyo inaendelea na taratibu za mnada kama haina habari. Walilenga familia milioni 3 hadi 4. Hadi mpango unafungwa mwisho wa 2016, waliopata unafuu wa kudumu hawakufika hata milioni 2.

Na yule jirani mlipaji hakupona. Nyumba ikipigwa mnada mtaani, ikakaa tupu, majani yanaota, za pembeni nazo zinashuka bei. Hasira yake ilimgharimu mwenyewe.

Kilichonikera zaidi ni mahubiri. Deni limezidi thamani ya nyumba, mtu akiuliza kama bora aachie funguo aanze upya, anaambiwa ni dhambi. Utafiti wa Guiso, Sapienza na Zingales ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya Wamarekani wanaona ni kosa kimaadili kuacha kulipa wakati uwezo unao. Chama cha watoa mogeji, Mortgage Bankers Association, kilikuwa mstari wa mbele, mkuu wake akiwauliza wenye nyumba wanataka kuwapa watoto wao na marafiki ujumbe gani. Chama hichohicho 2007 kilinunua jengo la makao yake Washington kwa dola milioni 79, na Februari 2010 kikaliuza kwa milioni 41.3, chini kabisa ya deni lake. Mwezi mmoja kabla, kampuni kubwa za uwekezaji, Tishman Speyer na BlackRock, waliwaachia wadai wao Stuyvesant Town kule New York, mtaa mzima walioununua kwa bilioni 5.4. Hiyo ikaitwa uamuzi wa kibiashara. Mkuki kwa nguruwe.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 Bunge likapitisha sheria kwamba mwenye mkopo unaodhaminiwa na serikali kuu akisema tu ameathirika, asimamishiwe marejesho hadi siku 180, na akiomba aongezewe nyingine 180. Hakuna slipu wala barua ya kujieleza. Huwezi kumlaumu mtu kwa korona, na kwa hiyo hakuna aliyesimama kwenye TV kuuliza nani anataka kumlipia jirani. Mamilioni walitumia hiyo nafasi, wateja wangu wengine walimaliza kwa simu moja, na lile wimbi la minada lililokuwa linaogopwa halikuja. Wengi walirudi kulipa kama kawaida, na kwa wengi wao malimbikizo yakasogezwa mwisho wa mkopo.