Sensa mpya siyo sensa nzima

Wiki hii hili ni la tatu. Gari limeletwa kwa kamba, mwenyewe anashuka na maneno yaleyale: "Fundi, sensa achana nazo, zote nimeshabadilisha." Sensa ni vile vifaa vinavyoipa kompyuta ya gari habari za injini. Kaka, ukiniambia hivyo ndipo naanzia hapohapo. Gari lilikuwa linawaka, kwa shida lakini linawaka. Mkabadilisha sensa, sasa haliwaki kabisa. Mshukiwa wa kwanza ni mkono ulioingia humo mwisho.

Madogo tuyamalize upesi. Stata haipigi kabisa? Tazama betri, vichwa vyake na fyuzi kabla ya kusingizia sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Siku mbili za kujaribu kuwasha zinatosha kuimaliza betri. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inapiga, ichaji kwanza ndipo tuongee. Ukifungua swichi taa ya injini haiji na mashine ya kusoma makosa ya gari haisomi kitu, chomoa sensa mpya mojamoja. Ile ya waya tatu ikiwa na shoti ndani inaangusha volti 5 zinazotoka kwenye kontroli boksi, yaani ile kompyuta ya gari, na wenzake wanaokula chungu kimoja wote wanalala njaa.

Sasa linalonikera: namba ya kosa P0335. Mashine haijakutuma dukani! Imesema mawimbi ya sensa ya kranki hayafiki kwenye boksi, basi. Katikati hapo kuna soketi, pini na waya mrefu unaopita kwenye joto na oili. Na kama uliwasha swichi ukapiga stata huku soketi imechomolewa, kosa hilo umelizaa mwenyewe. Lifute, piga stata, soma upya.

Toyota IST ya juzi, injini ya 1NZ. Sensa ya kranki mpya, ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) mpya, hata ya joto mpya. Nikapima ukinzani wa ile ya kranki: ohm 1,200 na kitu, na ikiwa baridi inatakiwa iwe kati ya 985 na 1,600. Safi. Kwenye mashine, RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, zinaonekana stata ikipiga. Cheche ipo, petroli ipo. Gari linakohoa, linarudisha teke, linanyamaza.

Sensa hii ya waya mbili haipelekewi umeme. Ina sumaku na koili, na meno ya gurudumu yakipita mbele yake ndiyo yanayozalisha wimbi. Meno yako 34, na pengo la meno mawili. Kwa pengo hilo boksi linajua kranki imefika wapi. Wimbi likigeuzwa juu chini, RPM bado utaziona, lakini boksi linasoma jino pasipo penyewe.

Nikaifuata waya kwa vidole. Sentimita kumi kutoka kwenye soketi nikagusa kivimbe cha selotepu nyeusi. Kubandua: soketi ya zamani imekatwa, imeungwa nyingine, waya zote mbili za soketi hiyo zina rangi moja, zimesokotwa tu kama kamba ya mbuzi. Zimegeuzwa. Mita haiwezi kukwambia hilo, maana ohm ni zilezile ukipima kulia au kushoto. Nikageuza, nikalehemu, nikavika mpira. Nusu stata, likanguruma.

Msidhani mita yangu ni msahafu. Nimeshakutana na sensa yenye ohm nzuri kabisa inayokufa injini ikipata moto, na nyingine iliyopita vipimo vyangu vyote, nikaibadilisha kwa kukata tamaa tu, gari likawaka. Kuna magari pia yamewaka baada ya mimi kuchomoa soketi, kuipuliza na kuirudisha. Nilipokea hela, lakini kuapa kwamba nililitengeneza mimi, hapana.

Kabla ya kumkabidhi jamaa IST yake nikamwomba sensa ya zamani, alikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo chini ya kiti. Nikaifunga, gari likawaka vilevile. Kumbe ugonjwa wa kwanza, kabla waya hazijageuzwa, ulikuwa kwenye ile soketi iliyokatwa na kutupwa. Akaniuliza kama duka litapokea mpya zake tatu. Risiti anayo, ila ile ya kranki ilishaloa oili hadi kwenye pini.