Hesabu, hisabati na lugha za kuundwa

Lugha ya kuundwa ni lugha iliyotungwa na mtu kwa makusudi, kama Kiesperanto, ambacho L. L. Zamenhof alikitangaza Warsaw mwaka 1887. Maana hiyo haina ugomvi, ingawa bado wapo wanaokiingiza humo Kiswahili Sanifu, kana kwamba kusanifisha ni kuunda. Kilichonifanya niandike ni kauli niliyoisikia tena majuzi katika mazungumzo ya wapenda lugha hapa Dodoma, kwamba watungaji wa lugha hizo huwabunia wasemaji wao "hisabati yao na muziki wao", mambo hayo mawili yakitajwa kwa pumzi moja kama ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na hisabati. Neno hili na neno hesabu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, hisabati likiwa na umbo la wingi, lakini yalipofika kwetu kila moja lilishika njia yake. Hesabu ilibaki sokoni na barabarani: dereva wa bodaboda humpelekea tajiri wake hesabu kila jioni, na mkaguzi hukagua hesabu za ofisi. Hisabati ilikwenda darasani, ikawa elimu ya namba, maumbo na uhusiano wake, pamoja na uthibitisho wa kwa nini uhusiano huo hauwezi kuwa vinginevyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kubadili namna ya kuhesabu bila kuigusa hisabati hata kidogo.

Wanavi, viumbe wa kubuni wa filamu ya Avatar ya mwaka 2009, ambao lugha yao ilitungwa na Paul Frommer, wana vidole vinne kila mkono, na kwa hiyo huhesabu kwa mafungu ya nane: nane ni vol, na nane mara nane ni zam. Muuza mayai wa soko la Majengo, ambaye trei yake hubeba mayai 30, akiniuzia trei mbili na mayai manne ataandika 64, na Mnavi akiyaona atasema zam. Yai halikuongezeka wala halikupungua, na yeyote kati yao akitaka kuyapanga mraba atapata safu nane za mayai manane. Waklingoni nao, wale wapiganaji wa kubuni wa Star Trek, kwa maelezo ya Marc Okrand aliyewatungia lugha, zamani walihesabu kwa tatu tatu kabla ya kuhamia kwenye kumi. Ni historia ya kubuni ninayoipenda sana, lakini ni historia ya kuhesabu. Hans Freudenthal, mwanahisabati wa Uholanzi, alilijua hilo vizuri: alipotunga lugha ya Lincos mwaka 1960 kwa ajili ya kuzungumza na viumbe wa nje ya dunia, alianza na hisabati, kwa kuwa ndicho kitu alichotarajia kwamba msikilizaji yeyote angekuwa nacho tayari.

Muziki ni habari nyingine. (Solresol, lugha ya kuundwa ya Mfaransa François Sudre, tuiweke kando, maana pale misol ni wema na solmi ni uovu, hiyo ni lugha iliyotungwa kwa noti, si muziki uliotungiwa wasemaji.) Huko Chamwino niliwahi kumwona kijana wa kwaya akijaribu kumfuata kwa kinanda mzee aliyekuwa akipiga ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Sauti moja ya mzee ilikuwa ikiangukia kati ya vibonyezo viwili; kijana akajaribu cha kushoto, akajaribu cha kulia, akabonyeza vyote viwili, kisha akacheka na kuondoa mikono. Mzee hakuwa amekosea noti, kwa sababu ni jamii yenyewe inayoamua sauti zipi ziwe noti, na Wagogo waliamua zamani. Kwa hiyo Okrand anaposema kwamba muziki wa jadi wa Waklingoni una ngazi ya noti tisa, hapo kweli kuna muziki uliobuniwa, au walau mlango wake.

Mwenzetu wa majuzi akirudia mada yake, basi, naomba aseme kwamba Wanavi wamepewa hesabu. Neno hisabati alitunze kwa ajili ya mtungaji atakayetueleza ni swali gani la namba lililowakosesha usingizi wahenga wa watu wake, na ni hoja ya namna gani waliyoikubali kuwa uthibitisho.