Mbwa Wagumu Walionifanya Mwalimu wa Mbwa

Wateja wangu wengi hupiga simu mambo yakishaharibika. "Dada, huyu mbwa ametushinda," ndivyo wanavyoanza. Ukiuliza amewashinda vipi, majibu yanafanana: anamrukia kila anayeingia getini, hataki kushikwa, juzi kamng'ata mtoto wa jirani. Na karibu kila mara, kabla sijaitwa, mbwa huyo ameshapigwa, ameshafungwa mnyororo, ameshanyimwa chakula, na ukali umezidi.

Nafanya kazi hii Arusha, na nafundisha kwa zawadi. Mbwa akifanya ninachotaka, analipwa papo hapo: kipande cha ini, dagaa, mchezo, au ruhusa ya kwenda kunusa anapotaka. Fimbo siibebi, mnyororo wa kukaba siutumii. Wapo wanaoona haya ni mambo ya Kizungu, ya watu wanaolala na mbwa kitandani. Nataka nieleze yametoka wapi kwangu, kwa sababu hayakutoka Ulaya. Yalianzia nyumbani, kwa mbwa wawili wagumu.

Wa kwanza ni Simba, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji. Alikuwa wa baba mdogo, amelelewa kama mbwa wengi wa ulinzi wanavyolelewa hapa: mchana kutwa bandani, usiku anafunguliwa. Baba mdogo alipohamishwa kikazi, Simba akaletwa kwetu. Alinguruma ukikaribia bakuli lake, alinguruma mgeni akipita, alinguruma akiguswa mgongoni. Wazee wakatafuta mtu wa kumtia adabu. Yule bwana alikuja na mnyororo wa kukaba na fimbo ya mpera, na kila Simba aliponguruma, mnyororo ulivutwa mpaka akohoe. Baada ya wiki kadhaa kunguruma kukaisha. Nyumba nzima ikasema mbwa amenyooka.

Ungemtazama usoni usingesema hivyo. Masikio yalilala nyuma. Mdomo ulifumbwa kwa nguvu. Alijilamba pua wakati hakuna chakula karibu, na mtu akimsogelea aligeuza kichwa pembeni huku jicho likibaki kwa yule mtu, weupe wake ukionekana ukingoni. Mkia ulikuwa umesimama tuli. Asubuhi moja kijana wa maziwa aliinama kuweka dumu chini, na Simba akamng'ata mkono bila kutoa sauti hata kidogo.

Kunguruma ni onyo. Mbwa anakwambia: naogopa, usisogee. Ukimwadhibu kwa kunguruma, hofu haiondoki, kinachoondoka ni onyo tu. Anayebaki ni mbwa mwenye hofu ileile ambaye sasa anaruka hatua moja na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Tena hofu inaongezeka, maana kila mgeni anapotokea shingo inakabwa. Kwa akili ya mbwa, mgeni ndiye anayeleta maumivu. Mimi siku hizi nikiingia nyumba ya mteja na mbwa akaninguruma kwa mbali, nafurahi, kwa sababu bado tunazungumza.

(Mbwa akimng'ata mtu, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo na mbwa ni wa nyumbani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kijana wetu alichanjwa na yuko salama.)

Kilichonifungua macho ni panya wa Morogoro. Wengi mnawajua: panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania, alipelekwa Kambodia kusafisha mashamba ya mabomu, na mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, likamtunuku medali ya dhahabu ya ushujaa. Alikuwa panya wa kwanza kuipata. Nilipoanza kufuatilia wanavyofundishwa, sikukuta kipigo popote. Panya anasikia mlio mfupi, "klik", kisha anapata chakula, ndizi kwa mfano. Akishajua kwamba mlio unamaanisha chakula, mwalimu anautoa pale tu panya anapokaa juu ya harufu sahihi. Mafunzo yanachukua karibu miezi tisa, na mwisho wake watu wanatembea juu ya ardhi ambayo panya huyo amesema ni salama.

Jiulize utampigaje panya ili anuse bomu. Haiwezekani. Atajificha, na hatanusa chochote. Kazi ya pua inataka mnyama anayetaka kufanya kazi. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini na viwanja vya ndege ni vilevile, wengi wanafanya kazi ili mwisho warushiwe mpira. Kama njia hii inatosha pale kosa moja linapoweza kumuua mtu, inatosha kumfundisha Simba asimng'ate muuza maziwa.

Nadharia yenyewe ni ya zamani. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa akisikia sauti fulani kila mara kabla ya chakula, mwisho mate yanamtoka kwa sauti peke yake. Mate hayatoki kwa utii. Mwili wenyewe umebadili hisia kuhusu ile sauti, na hapo ndipo kazi yangu yote ilipo. Mbwa akinifuata kwa sababu ameamriwa, nimepata kidogo. Akibadili anachohisi anapomwona mgeni, nimemaliza kazi.

Hadithi ya kwamba mbwa anataka kuwa bosi wa nyumba, na lazima umwonyeshe nani mkubwa, nayo ina historia yake. Inatokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolph Schenkel wa mwaka 1947, wa mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza, siyo mbwa mwitu wa huku kwetu) waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wakigombana ndani ya uzio. David Mech wa Marekani aliisambaza dhana hiyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1970, halafu akatumia miaka kuwafuatilia mbwa mwitu porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Kiongozi ni mzazi, hakupigania cheo. Hata mtafiti aliyeieneza aliiacha, lakini huku kwetu bado kuna watu wanalipwa kumlaza mbwa chali na kumkalia.

Mbwa wa pili, Keti, ndiye aliyenifundisha kazi kwa vitendo. Alikuwa koko, tulimchukua mtaani akiwa tayari mkubwa, na alikuwa na shida moja kubwa: bodaboda. Akiisikia tu anajitupa kwenye kamba, anabweka mpaka povu, mara mbili amejivua kola na kukimbilia tairi. Hivi ndivyo tulivyofanya, nawaandikia kwa undani kwa sababu ndiyo hatua wengi wanaikosea.

Kwanza umbali. Nilitafuta uwanja ambao barabara inaonekana kwa mbali, tukasogea nyuma mpaka Keti aweze kuiona bodaboda ikipita na bado akala kutoka mkononi kwangu. Mbwa akikataa ini, yuko karibu mno, sogea nyuma zaidi. Hakuna anachojifunza akiwa amepandwa na hofu, hata umpe mbuzi mzima.

Pili mpangilio. Bodaboda inatokea, Keti anaiona, ndipo ini linatoka mfukoni. Bodaboda ikishapita, ini linakwisha. Ukitoa ini kwanza, mbwa mwerevu atajifunza kwamba ini linaleta bodaboda, na utaona anaanza kulitilia mashaka ini lenyewe. Nimewakuta wateja wanaolalamika kwamba njia hii haifanyi kazi, kumbe kila siku wanatoa chakula sekunde mbili mapema.

Na vipande viwe vidogo, kama ukucha wa kidole kidogo. Ini la ng'ombe lililochemshwa bila chumvi wala kitunguu, likakatwakatwa, linatosha siku kadhaa. Dagaa wa Mwanza wanafaa pia na ni rahisi, fungu moja kutoka soko la Kilombero linakwenda mbali. Punguza kiasi hicho kwenye ugali wake wa jioni ili asinenepe.

Siku aliposikia bodaboda, akaiangalia, kisha akageuka mwenyewe kunitazama usoni kama anayeuliza "iko wapi?", nilijua tumevuka. Ndipo tukaanza kusogea karibu na barabara, hatua chache kwa wakati. Simba naye tulimfanyia hivyohivyo kwa wageni, ila yeye alichukua muda mrefu zaidi na alivaa kifunga mdomo cha kikapu kila mgeni alipokuja, kile kinachomwacha aheme na kunywa maji. Hakuwa mbwa wa kukumbatiwa na kila mtu. Alifikia kuwaona wageni wakiingia na kwenda kulala kwenye mkeka wake, na hilo lilitutosha.

Sasa swali ambalo kila mteja anauliza, hasa wazee. Mzee mmoja wa Moshono aliniambia, "Binti yangu, mbwa ukimpa nyama kila saa, mwizi naye akija na nyama yake?" Ni swali la haki kabisa, kwa sababu watu hapa wanafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Nilimjibu hivi: mbwa mwenye hofu ndiye anayehongwa kirahisi, na ndiye anayekimbilia nyuma ya banda panapotokea kishindo. Mbwa aliyepigwa na watu wa nyumbani hana sababu ya kuwapenda kuliko mwizi. Kubweka mtu asiyemjua akigusa fensi ni kazi ambayo mbwa wengi wanaifanya bila kufundishwa. Kinachohitaji kufundishwa ni kunyamaza ukimwambia, kumjua mlinzi na dada wa kazi, kutochukua chakula kutoka kwa mtu mwingine au ardhini, na kurudi akiitwa. Yote manne yanafundishika kwa zawadi. Kile cha kutookota chakula kinaokoa maisha, maana wezi wengine hutupa nyama yenye sumu.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo unaweza kuukata mnyororo wa ugonjwa. Lakini kwenye kituo cha chanjo anafika mbwa anayeshikika. Yule asiyeguswa anabaki nyumbani, na ndiye anayeng'ata. Kwa hiyo kila mbwa ninayempokea, kabla ya "kaa" na "lala", anafundishwa kushikwa sikio, mguu na ngozi ya shingo, kidogokidogo na kwa malipo, mpaka daktari wa mifugo aweze kumchoma sindano bila vita.

Siyo kila ukali ni wangu kuutibu. Mbwa aliyebadilika ghafla aende kwa daktari kwanza. Maumivu ya sikio, jino, nyonga au kidonda kilichojificha chini ya manyoya yanamfanya mbwa mpole awe mkali. Na kwa mbwa mdogo usinisubiri kabisa. Kipindi kati ya wiki ya 3 na karibu ya 14 ndicho anachojifunza kwamba mwavuli, mtoto anayekimbia, mtu mwenye kofia na pikipiki ni vitu vya kawaida. Mbebe mikononi, mwonyeshe dunia, hata kama chanjo hazijakamilika. Kipindi hicho kikipita bandani, utahitaji miezi ya ini kukirudisha, na hakirudi chote.

Ushahidi wa watafiti nao unazidi kuelekea huku. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha uchunguzi wa mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo: waliofundishwa zaidi kwa kukabwa na kukemewa walionyesha dalili nyingi za msongo, na kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao ilipanda baada ya somo. Mwaka uliofuata chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia kilitamka kwamba mafunzo ya zawadi yatumike kwa mbwa wote, wenye ukali wakiwemo.

Mtu yeyote anaweza kujiita mwalimu wa mbwa, kwa hiyo ukitafuta wa kukusaidia, muulize maswali mawili. Mbwa akipatia, unampa nini? Akikosea, unamfanyia nini? Jibu la pili ndilo la kusikiliza kwa makini, na jibu ninalolikubali ni kwamba atapunguza ugumu au ataongeza umbali, kisha wajaribu tena. Asikuambie mlete mbwa mwachie wiki mbili. Omba ukae utazame somo zima, uangalie masikio, mdomo na mkia wa mbwa anayefundishwa. Ukiridhika, mpeleke wako kabla hajala asubuhi, na mbebee ini la kutosha.