Kukwepa uthibitishaji: mfumo unapomkubali mtu bila nenosiri

Kukwepa uthibitishaji ni udhaifu wa programu ya wavuti unaomruhusu mtu kufika kwenye taarifa za ndani bila mfumo kuhakikisha yeye ni nani. Si kukisia nenosiri wala kuliiba. Mara nyingi nenosiri halihusiki kabisa.

Tuseme AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi, Tanzania, ina mfumo wa kurekodi kilo za wakulima na malipo yao. Fomu ya kuingia ni imara. Tatizo liko kwenye malipo.php, ukurasa wa malipo ulioandikwa kwa lugha ya PHP. Mtengenezaji ameandika header("Location: login.php"), agizo la kumpeleka asiyeingia kwenye fomu, akasahau kuweka exit; (amri ya kusimamisha programu) chini yake. Amri ya header haisimamishi programu. Seva inaendelea kusoma hifadhidata na kutuma orodha nzima, ila kivinjari kinatii agizo na kuhamia kwenye fomu, hivyo kwa macho kila kitu ni salama. Anayetumia curl, programu inayotuma ombi na kuonyesha jibu la seva lilivyo, haoni fomu, anaona majina na malipo. Ongeza exit;, na afadhali zaidi pitisha kila ombi kwenye faili moja linalokataa kurasa zote isipokuwa zile ulizozitaja kuwa za wazi. Ukurasa mpya utakaoongezwa msimu ujao utazaliwa umefungwa.

Kosa la zamani zaidi ni kuunganisha alichoandika mtumiaji na swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Akiandika admin' -- kwenye nafasi ya jina, sehemu inayokagua nenosiri inageuka maelezo yasiyosomwa. Tumia prepare() na execute() za PDO (njia ya PHP ya kuwasiliana na hifadhidata), zinazotenganisha swali na alichoandika mtumiaji, kisha linganisha nenosiri kwa password_verify(), nje ya swali lenyewe.

Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS baada ya nenosiri nayo hurukwa. Mfumo ukitoa kikao kamili (kumbukumbu kwamba mtumiaji ameshaingia) mara nenosiri linapokubalika, mtu anaandika anwani ya dashibodi na kuipita hatua ya pili. Kikao kibaki na alama ya "bado" mpaka namba ihakikiwe, ndipo kipewe kitambulisho kipya kwa session_regenerate_id(true).

Fremuweki kubwa, yaani mifumo tayari ya kujengea programu za wavuti, hazijasalimika. Machi 2025 ulitangazwa udhaifu wa fremuweki ya Next.js wenye namba ya usajili CVE-2025-29927: kuongeza kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia ombi) cha x-middleware-subrequest kulitosha kuruka ukaguzi uliowekwa kwenye middleware, sehemu inayopitiwa na ombi kabla ya kufika kwenye ukurasa. Matoleo 14.2.25 na 15.2.3 yalirekebisha. Aliyekuwa amerudia ukaguzi pale data inaposomwa alikuwa bado na kinga.

Kupima ni rahisi. Bila kuki yoyote (alama ambayo kivinjari hutunza ili kutambuliwa na mfumo), endesha curl -i kwa kila anwani ya mfumo, pamoja na zile zinazoitwa na programu ya simu, maana hizo ndizo husahaulika. Kwa kurasa zisizo za wazi, tarajia jibu la 401 (hujathibitishwa), au 302 (hamia kwingine) isiyo na taarifa za ndani chini ya vichwa. 302 yenye taarifa hizo ni lile kosa la exit. Fanya hivyo kwenye mfumo wako au kwa ruhusa ya maandishi tu, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa.